Kutafuta koti ya shosho Desemba hii, kutoka moli hadi Gikomba

Jumapili, Desemba 14

Mkutano wa familia umeisha saa tatu usiku, ulikuwa wa WhatsApp kama kawaida, na kazi ya kununua zawadi imeniangukia mimi tena kwa sababu mimi ndiye niko Nairobi. Michango imefika 18,500. Orodha iko hivi: watoto watano, mama, tata zangu wawili, yaani anti, na shosho, nyanya yetu. Watoto sio shida, hao wanataka nguo ya Krismasi na viatu, na mimi naelewa kabisa hiyo nguo ya Krismasi ni nini kwa sababu nilikuwa nanunuliwa moja kwa mwaka, kubwa kunizidi ndio nikue ndani yake, na nilikuwa nalala nayo imekunjwa chini ya mto usiku wa tarehe 24.

Shosho ndiye kazi. Sijawahi kumsikia akiomba kitu, nina miaka thelathini na nne na kila Desemba ukimuuliza anakwambia leta sukari. Mwaka huu amemwambia mama kwa simu, niletewe koti, ya kunifika magotini. Anaishi Njabini huko Kinangop, milima ya Nyandarua iko hapo nyuma ya shamba, na watu wa Nairobi hawaamini nikiwaambia Desemba ni baridi lakini huko mchana ni jua halafu usiku anga ikiwa wazi sakitu inashuka mpaka asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua meusi. Shosho huamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe kwa hiyo baridi. Koti yake ya sasa nimeiona, mikono imechanika na anaifunga na kamba ya gunia.

Halafu tata mkubwa akaandika kwa grupu: "Asivalishwe nguo ya mtu. Mwaka huu mama avae mpya." Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, kwa sababu nikifikiria vizuri kila nguo nimewahi kumuona nayo shosho iliwahi kuwa ya mtu mwingine, isipokuwa leso na sare ya kanisa.

Jumatatu, Desemba 15

Kazini mpaka jioni. Nimepiga hesabu tu: watoto 1,500 kila mmoja, hiyo ni 7,500, mama na tata wawili elfu moja moja, jumla 10,500. Inabaki 8,000 ya koti. Nimeona ni pesa nzuri, koti gani hiyo haitapatikana na 8,000.

Jumanne, Desemba 16

Off yangu. Nimepanda matatu ya 44 kutoka Zimmerman hadi tao, nikabadilisha ya Westlands, jam ya Desemba si unajua, nimefika moli ya Sarit saa tano na nusu. Sarit mimi naipenda, nitasema ukweli. Imefunguliwa 1983, mama anasema wakati huo watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuona tu, na mimi nilipelekwa hapo mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu nikashika mkono wa mama kwa nguvu pale kwa ngazi ya umeme. Leo kulikuwa na mti mkubwa wa Krismasi na taa, nyimbo zinapigwa chini chini, watoto wamepanga laini kupigwa picha na mzee wa nguo nyekundu, na kuna baba mmoja alikuwa amembeba mtoto wake mabegani ili aone ile nyota ya juu. Sitasema vibaya juu ya hayo. Kuna furaha ya kweli hapo na mtu akiwa na uwezo apeleke watoto.

Lakini koti sasa. Kwanza makoti ni machache, maduka ya Nairobi hutoa makoti Juni na Julai, Desemba wametundika magauni ya kwenda pwani. Nimezunguka karibu maduka sita ndio nikapata moja nyeusi ya kufika magotini. Bei 13,900. Nikaishika, ni nyepesi, ndani ni ile polista ya kuteleza. Dada wa duka alikuwa mtu mzuri sana, akaniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya shosho, yuko Kinangop, akaangalia huku na huku akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hii ni koti ya kutoka kwa gari kuingia ofisi. Kinangop itamuua na baridi." Nimemshukuru. Angeweza kuniuzia ile nyingine ya 7,500 aliyokuwa nayo na nisingejua.

Nimetoka Sarit na karanga za mia na hakuna kitu kingine.

Jumatano, Desemba 17

Sikuwa nataka kuandika hii siku lakini wacha niandike. Nimetoka kazini mapema nikaenda jumba lingine la maduka, si Sarit, silitaji. Kuna duka ndani yake la nguo za bei, viatu vimewekwa kimoja kimoja juu ya glasi kama vitu vya makumbusho. Nilikuwa na sare ya kazi na mfuko wa kamba, na viatu vyangu vilikuwa na tope kwa sababu kulikuwa kumenyesha. Kutoka nilipoingia askari wa mlangoni akaanza kunifuata. Nikisimama anasimama, nikigusa nguo anasogea. Nikauliza bei ya koti moja ya kijivu, msichana wa kaunta akanitazama kuanzia kwa miguu akaniambia "hizo ni ghali" bila kutaja bei. Mimi nilikuwa na 8,000 kwa simu, pesa ya familia nzima, kuna mtu alikuwa ameuza mbuzi kwa hiyo michango. Nilitoka nikasimama nje karibu na maegesho nikijaribu kupumua.

Kilichoniuma zaidi si mimi. Nilimfikiria shosho akiingia hapo na hiyo koti ya kamba ya gunia.

Usiku nikampigia binamu yangu wa London, anatunza wazee huko, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia hadithi yake. Desemba yake ya kwanza huko alienda kuona Harrods, iko Brompton Road, usiku wanawasha taa kama 12,000 kwa ukuta wa nje na watu wanasimama ng'ambo ya barabara kupiga picha tu. Ni duka la tangu karne ya 19, anasema waliweka ngazi ya umeme 1898 wakati watu hawajawahi kuona kitu kama hicho, na waliofika juu wakiwa wamezubaa walikuwa wanapewa brandi ya kutuliza roho, na leo wenyewe ni watu wa Qatar, wameinunua tangu 2010. Aliingia, akashuka sehemu ya vyakula, akaona mapambo ya Krismasi, kengele moja ya kutundika kwa mti bei yake ingemlipia basi wiki nzima. Akatoka. Siku iliyofuata baridi imemshika akaenda duka la hisani mtaa anakoishi, yale ya kuuza vitu watu wametoa bure, akanunua koti ya pauni 12, na ndiyo hiyo koti anayovaa kwa kila picha anatutumia.

"Kazo, ile nyekundu?"

"Ile nyekundu. Sikuwaambia kwa sababu mngesema nimeenda Ulaya kuvaa mitumba."

Nilicheka kidogo halafu nikashindwa. Hiyo picha ya koti nyekundu tata mkubwa ameiweka kwa fremu kwake sebuleni.

Alhamisi, Desemba 18

Kazini, mvua. Nimemwambia mama peke yake: kesho naenda Gikomba, soko la mitumba. Mama akasema, "Enda asubuhi, na uangalie kwapa." Anamaanisha mshono wa kwapa, koti ikiwa imechoka inaanza kuachia hapo.

Ijumaa, Desemba 19

Nimefika Gikomba saa kumi na mbili kasorobo, bado giza la mwisho, na watu tayari wamejaa. Kama hujawahi kuja alfajiri hujaijua Gikomba. Mikokoteni inakuja nyuma yako mbio na mwenyewe anapiga kelele "njia, njia", chai ya maziwa inauzwa kwa ndoo, upande ule mwingine harufu ya samaki na omena, chini ni matope ya Nairobi yaliyochanganyika na vipande vya plastiki ya kufungia beli, na juu ya kila kitu sauti za wauzaji wanaimba bei, mia mia mia, chagua chagua, hamsini kwa fifte.

Niliwahi kufunguliwa kwa beli na ni kitu cha kuona. Beli ya kawaida ni kilo 45, imefungwa na mikanda, na mwenye kuuza ameinunua ikiwa imefungwa hivyo hivyo, hajui ndani kuna nini, analipa kwanza. Akikata mkanda nguo zinavimba kama mkate. Kuna wateja wamesimama kuizunguka kabla haijafunguliwa, hao ni watu wa maduka ya tao na wale wanauza mitandaoni, wanachukua kamera ya kwanza, yaani nguo safi kabisa zisizo na doa, na wanalipa bei ya juu bila kubishana. Halafu kuna kamera ya pili. Ndio sasa sisi wengine tunamwagiwa zilizobaki, na zikikaa mpaka jioni au kesho zinakuwa fagia, unazipata kwa ishirini, kwa kumi. Nguo ile ile, siku ile ile, mezani pale pale, bei zake ni nne tofauti kulingana na umeamka saa ngapi.

Mama wa makoti nilimpata ndani ndani, nimeelekezwa na kijana wa viatu. Yuko hapo miaka mingi, makoti yake yametundikwa kwa mbao juu mpaka yanaziba mwanga. Nikamsalimia, nikamwambia natafutia shosho, wa Kinangop, ya magoti, nzito. Hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliniuliza, "Shosho ni mrefu? Mabega yako aje? Anafanya kazi gani asubuhi?" Nilisimama hapo nikakumbuka ile juzi, yule msichana wa kaunta, na huyu mama katikati ya matope ananiuliza mabega ya shosho yako aje. Nikamwambia anakamua. Akasema basi mkono usiwe mpana utaingia kwa maziwa.

Ametoa tatu. Ya tatu ndiyo hii. Rangi ya kahawia kama mchanga uliolowa, sufu nzito, ukiishika mikononi inakulalia kama mtoto aliyelala. Lebo ndani imeandikwa St Michael. Mama wa makoti akaiweka kidole: "Hii hawatengenezi tena." Na ni kweli, St Michael ilikuwa lebo ya Marks & Spencer ya Uingereza na waliiacha mwaka 2000, kwa hivyo hii koti hata ikiwa ya mwisho kabisa ina miaka ishirini na tano na bado iko hivi. Nikaangalia kwapa. Mshono mzima. Kifungo kimoja cha chini hakipo na bitana ya ndani imefunguka karibu na mfuko, basi.

Alianza na 1,400. Nikamwambia mia sita. Tukapelekana hivyo, tukifika 1,000 akasema "kwa ajili ya shosho, lete 900, lakini umwambie aniombee". Nimelipa kwa tili yake.

Tumekaa nikanywa chai naye kwa sababu nilikuwa nimepoa. Nilimuuliza Krismasi inakuaje hapa, akasema Desemba ndiyo inalipa karo ya Januari, kila mwaka hivyo. Akaniambia 2020 serikali ilipozuia mitumba kuingia, Machi mpaka Agosti kwa sababu ya korona, alikula akiba yote akarudi kuanza na beli moja ya kushirikiana na wenzake wawili. Na moto. Gikomba imeungua mara nyingi mpaka watu wameacha kuhesabu, ule wa Juni 2018 uliua watu 15, na kila mara asubuhi yake wanarudi na mabati. Alikuwa anaongea huku mikono yake inafungia koti ya mteja mwingine vifungo, kimoja kimoja, vizuri.

Sasa wacha niseme kitu kwa sababu najua kuna mtu atasoma hapa akasema mitumba ndiyo iliua viwanda vyetu. Si uongo kabisa. Soko lilipofunguliwa miaka ya 90 mitumba ikaingia kwa wingi na viwanda vya nguo vya Kisumu na Eldoret vikalala, ingawa pia kulikuwa na madeni na pamba yenyewe kuanguka na usimamizi mbaya. 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba mpaka 2019, Marekani ikatishia na AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza na 2018 Marekani ikaondoa nguo zake kwa hiyo nafuu. Mimi ningependa sana koti ya shosho iwe imeshonwa Eldoret na sufu ya kondoo wa Kinangop, na Kinangop kondoo wapo wengi. Ningeilipia hata hiyo 8,000 yote. Lakini leo haipo, na baridi iko leo.

Nikanunua viatu vya watoto hapo hapo, jozi tano. Wale vijana wa viatu wanaviosha, wanashona soli upya, wanapaka rangi mpaka huwezi kujua. Na magauni mawili na suruali tatu. Nguo za ndani nanunua mpya daima, hiyo sina mjadala.

Jumamosi, Desemba 20

Asubuhi nimepeleka koti kwa fundi wa mtaa, mzee mmoja ana cherehani chini ya mwavuli karibu na steji. Akaifungua bitana ili ashone, halafu akaniita: "Dada, kuna kitu hapa." Ndani, katikati ya bitana na sufu, kulikuwa kumeanguka kikadi kidogo cha bei na uzi wake wa plastiki. Kimeandikwa pauni 7.99, na alama ya duka la hisani la huko.

Nilikipiga picha nikamtumia binamu. Alinipigia mara moja, yeye alijitolea kwa duka kama hilo Jumamosi miezi minane alipofika, ili apate mtu wa kumpa barua ya kumdhamini kazini, na akanieleza safari yote ya hiyo koti kama mtu aliyekuwepo. Mtu analeta mfuko mlangoni, mara nyingi ni watoto wa marehemu wanasafisha nyumba, wengine wanalia wakikupa. Kama mwenye kutoa analipa kodi anajaza fomu, serikali inaongezea lile shirika peni 25 kwa kila pauni itakayopatikana. Nyuma ya duka wengi ni wa kujitolea, kina mama wastaafu, wanachagua, wanapiga mvuke nguo moja moja, wanatundika na kikadi. Ikikaa wiki kadhaa haijanunuliwa inatolewa ili nyingine iingie, na za kutolewa zinaenda kwa mnunuzi wa matambara kwa kilo, huko zinachambuliwa tena, zinafungwa beli, zinapanda meli. Hiyo pesa ya kilo pia inaenda kwa shirika, kwa utafiti wa magonjwa au kwa wasio na makao.

Oxfam, shirika la hisani la Uingereza, ni kati ya walioanza hiyo biashara, walifungua duka lao Broad Street mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940. Chama chenyewe kilianza 1942 kwa ajili ya njaa ya Ugiriki, watu wako kwa vita wenyewe na bado wanakusanya vitu kwa ajili ya wengine.

Pauni 7.99 ni kama 1,350 za kwetu. Huko ilitundikwa kwa hiyo bei hakuna aliyeitaka. Ikavuka bahari, ikapita Mombasa, ikakatwa mkanda Gikomba, mimi nikailipia 900. Na hapo katikati imeshalisha watu wangapi, wa meli, wa mkokoteni, mama wa makoti, karo yake ya Januari, na huyu fundi niliyemlipa 200. Nimekaa na hiyo hesabu siku nzima.

Fundi hakuwa na kifungo cha kufanana, akaweka cha rangi nyeusi kidogo. Nikamwambia ni sawa.

Mchana nimeenda Biashara Street, nimenunulia tata wote wawili leso mpya na mama shali. Hizo ni mpya, na zilistahili kuwa mpya, leso ya mitumba sijawahi kuiona na sitaki. Nikirudi nimepita Inama, yaani kwa wale wa kutandaza vitabu chini pale Tom Mboya Street, nimepata vitabu vitano vya hadithi vya watoto, hamsini kila kimoja, kimoja kina jina la mtoto limeandikwa kwa penseli ukurasa wa kwanza. Sijalifuta.

Jumapili, Desemba 21

Kanisani kwetu kina mama wana meza yao kila Desemba. Wanakusanya nguo kutoka kwa washirika tangu Novemba, wanazifua wenyewe, wanapiga pasi, wanauza 50 na 100 baada ya ibada, na pesa inanunua unga na mafuta na sukari ya wajane na wazee wa mtaa. Miaka yote nimepita hiyo meza nikidhani ni ya watu wengine. Leo nimesimama. Nikaona ni lile lile duka binamu alinieleza, bila mlango na bila kikadi.

Nilikuwa nimebeba jaketi yangu ya bluu, nzuri, naipenda, na ndiyo maana niliichagua hiyo. Mama mmoja wa meza aliikunja akaiweka juu ya zingine zote. Kabla sijaondoka msichana mmoja wa kidato alikuwa ameishaivaa anajizungusha aone nyuma.

Jumatatu, Desemba 22

Dobi amerudisha koti. Inanuka sabuni na kidogo bado sufu. Hesabu: imebaki 4,870 ya michango. Nimeuliza kwa grupu, wamesema nimnunulie shosho blanketi mpya nzito na buti za mvua. Tata mkubwa akauliza, "Koti umepata mpya?" Nikaandika nitawaonyesha. Sikulala vizuri.

Jumanne, Desemba 23

Steji huku chini ya River Road, saa moja asubuhi, laini ya kutoka huku mpaka kule, nauli imepanda karibu mara mbili na hakuna wa kuuliza. Kila mtu ana mzigo, mikate, mafuta ya lita kumi, godoro limekunjwa. Tumepita Limuru, Uplands ukungu mtupu, tukakata Flyover kuelekea Njabini na baridi ikaingia kwa dirisha hapo hapo. Koti niliipakata mapajani njia nzima, sikuiweka juu na mizigo.

Alhamisi, Desemba 25

Tulitoa zawadi asubuhi baada ya chai na chapati, watoto kwanza, wakapotea nje na viatu vyao. Halafu nikamletea shosho. Akaifungua gazeti, akaiweka mapajani, akaipapasa na mkono wote kama anapapasa ndama. Alifanya kazi ya pareto miaka mingi, mikono yake ni migumu mpaka sufu ilikuwa inashika.

"Hii ni ya wapi?"

Tata mkubwa alikuwa amekaa pale karibu na mlango ananiangalia. Nikasema ukweli wote. Nikasema nilienda madukani makubwa na makoti yalikuwa mepesi, nikasema Gikomba, nikatoa kile kikadi kwa pochi nikampa, nikamweleza duka la huko na kina mama wa kujitolea.

Shosho akasema, "Kumbe ni kafa ulaya." Hilo jina sikuwa nimelisikia tangu nikiwa mdogo, ndivyo walikuwa wanaita mitumba zamani, kwamba mwenyewe amekufa Ulaya. Tata akainamisha kichwa. Shosho akaniuliza, "Na mwenyewe, alikufa kweli?"

"Sijui shosho. Labda. Au aliitoa tu."

Akashika koti na mikono miwili, akafumba macho, na sisi wote tukanyamaza tukijua ni maombi. Aliomba kwa Kikuyu, polepole. Akamwombea huyo mama aliyeivaa, kwamba kama yuko hai asipate baridi, na kama alienda alale vizuri, watoto wake waliobaki wasigombane. Akamwombea mama wa Gikomba, nilikuwa nimemwambia alitaka aombewe. Akasema amina, akasimama, akaivaa. Ikamfika magotini kabisa. Akafunga vifungo vyote kuanzia juu mpaka kile cheusi cha chini, akachukua ndoo ya maziwa kwa sababu ng'ombe alikuwa amecheleweshwa na sisi.

Tata mkubwa aliinuka akamfuata mpaka mlangoni, akamgeuza, akamwekea kola vizuri.